Nimechaguliwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) lakini kusoma kwangu ni kwa kusuasua. Maktaba ya mkoa inaweza kunisaidia?

Mama Lusajo (Mwanjelwa, Mbeya)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo.

Mimi ni mama wa miaka 42, nauza viazi mviringo Mwanjelwa. Shule niliishia darasa la nne, baba alipofariki nikabaki nyumbani kulea wadogo zangu. Kusoma najua, ila kwa kusuasua. Maneno ya kuchapwa nayapata nikienda taratibu. Mwandiko wa mkono wa mtu unanishinda. Kuandika ndiko kugumu zaidi, sijui neno liishie wapi lingine lianzie wapi.

Mwezi uliopita kikundi chetu kimenichagua katibu. Tupo 27. Wamenichagua kwa sababu sijawahi kuchelewesha rejesho hata mara moja, na hesabu za kichwani naziweza. Katibu aliyepita amehamia Tunduma, ameacha daftari tu. Muhtasari wangu wa kwanza niliandika "kula" badala ya "kura". Uliposomwa, watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini usiku ule sikulala.

Binti yangu yupo kidato cha pili, ndiye ananisaidia. Sitaki aendelee kushika daftari la kikundi. Mle ndani mna madeni ya watu, tena wengine ni wazazi wa rafiki zake.

Maktaba ya mkoa naipita mara kwa mara. Naona wanaingia wanafunzi wenye sare na vijana wa chuo wenye kompyuta. Sijawahi kukanyaga ndani. Naomba kujua: mtu mzima kama mimi wanampokea? Yupo wa kufundisha, au nitakaa naangalia rafu? Nafasi ninayo Jumatano mchana mzigo ukiisha, na Jumamosi kidogo. Uzi huu nimeuandika mwenyewe kwa siku mbili, binti amenitenganishia maneno tu.

Kijana wa Kabwe

Hongera sana mama kwa kuaminiwa. Mimi maktaba sikushauri. Nilikuwa nasomea maktaba moja nikiwa kidato cha nne: viti vimejaa, vitabu vya zamani, na hakuna mtu wa kukuelekeza. Simu unayo. Video za kufundisha kusoma zipo tele, utajifunza ukiwa palepale kibandani bila nauli.

Mama Lusajo

Asante mwanangu. Simu nimejaribu. Video nyingi ni za watoto, zinaimba, mteja akija nazima haraka ili asione. Na bando likiisha ndiyo basi, somo limekatika.

Mtunza Rafu (Kihesa, Iringa)

Kamwene mama. Nimefanya kazi katika maktaba za umma miaka 19, sasa nimestaafu. Nitakueleza yote, mazuri na yasiyo mazuri.

Kwanza, ingia. Maktaba ile ni yako. Bodi ya maktaba nchini iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, Desemba 1967. Tangu mwanzo zilikusudiwa wananchi wote. Wanafunzi wamejaa kwa sababu wengi wao nyumbani hawana meza wala utulivu, si kwa sababu wengine wamekatazwa.

Pili, Kijana wa Kabwe hajakosea katika moja: usitegemee kumkuta mwalimu amekaa anakusubiri. Kufundisha a-e-i-o-u ni kazi ya vituo vya kisomo. Lakini mama, wewe hauko kwenye a-e-i-o-u. Wewe umeshavuka hapo, ukaishiwa vitu vya kusoma. Miaka thelathini umesoma bei, risiti na vibao vya daladala. Anayesuasua anaokota silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea. Dawa yake ni kusoma vitu vyepesi, vingi, mpaka jicho lizoee kulibeba neno zima kwa mara moja. Vitu vyepesi na vingi nyumbani huna. Maktaba inavyo.

Nenda Jumatano wanafunzi wakiwa madarasani. Pale mezani sema hivi: "Nataka vitabu vya Kiswahili chepesi, najiendeleza kusoma." Usiongeze maelezo. Uliza ada ni kiasi gani, ya siku na ya mwaka, na kama unataka kuazima uliza mdhamini anatakiwa awe nani. Ukishajua hayo, nenda sehemu ya watoto.

Najua hapo ndipo moyo utakaposita. Nikuambie nilichokiona. Walikuwa wanakuja akina baba na akina mama wanaazima vitabu vya hadithi vya watoto, wanasema wanampelekea mtoto. Mmoja alirudi kila wiki miezi minane, kila mara kitabu kinene kidogo kuliko cha jana. Siku moja akaniuliza maana ya neno lililokuwa ukurasa wa mwishomwisho. Nikajua msomaji ni yeye. Nilimjibu neno lile tu, sikumuuliza kingine. Wahudumu wengi wa maktaba watafanya hivyohivyo, kwetu msomaji ni msomaji.

Baada ya hapo tafuta rafu yenye namba 896.392 mgongoni mwa vitabu. Hiyo ndiyo namba ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey unaotumika maktaba nyingi duniani. Chagua vyembamba. Fungua ukurasa wowote, usome. Ukikwama zaidi ya maneno matano, rudisha, chukua kingine. Kurudisha kitabu si kushindwa.

Na gazeti usiliache. Anza na habari ambayo umeshaisikia redioni asubuhi, maana ukijua kinachosemwa maneno yanajileta yenyewe. Ukiazima kitabu, nyumbani kisome kwa sauti. Sikio litakushika pale jicho linaporuka.

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)

Mama Lusajo, ugonile. Hiyo "kula" na "kura" isikunyime usingizi. Kinyakyusa chetu hakina r. Mtoto wa Rungwe anakua akisikia l peke yake, halafu Kiswahili kinamdai zote mbili. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, kosa hilo nimelikuta kwa watoto hodari kabisa.

Halitoki kwa kukariri kanuni, kwa sababu kanuni yenyewe haipo. Linatoka kwa kuliona neno mara nyingi na kuliandika. Chukua kalamu, andika jozi hizi mara tano kila jioni: kura na kula, kalamu na karamu, mahali na mahari. Kisha andika maneno ya kazi yako: rejesho, riba, dharura, akidi, mahudhurio, yatokanayo, faini. Hayazidi arobaini. Katibu anayeyajua hayo arobaini ameshaandika nusu ya muhtasari.

Aliyosema Mtunza Rafu nayaunga mkono kwa historia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenda nchi nzima, chini ya miti, makanisani, kwenye maghala. Kufikia 1986 serikali ilihesabu asilimia 9.6 tu ya watu wazima kuwa hawajui kusoma na kuandika. Lakini wakati ule ule ilionekana kwamba mtu akimaliza kisomo na hana cha kusoma, anasahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijiji. Nyingi baadaye zilikufa, vitabu vikaliwa na mchwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Walichokiona wazee wale hakijabadilika: darasa bila kitabu cha kuendelea nacho ni kupanda mahindi usipalilie.

Ukitaka na mwalimu pia, nenda ofisi ya kata umwone Afisa Elimu Kata, umuulize kituo cha MUKEJA kilicho karibu. Ule ni mpango wa elimu ya watu wazima, kwa kawaida madarasa yake hufanyika kwenye shule za msingi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina ofisi Mbeya. Maktaba na kituo vinasaidiana, usichague kimoja kama nafasi inaruhusu.

Fundi Cherehani (Makambako)

Mimi nilianzia kitabu cha nyimbo cha kanisani. Nyimbo nilikuwa nazijua kichwani, kwa hiyo kidole kilikuwa kinafuata maneno ambayo mdomo umeshayasema. Miezi minne nikahamia kitabu cha maktaba. Jaribu, mama.

Mbeya Ughaibuni

Salamu kutoka California. Huku maktaba za umma zina mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma tangu 1984. Ni bure. Mwanafunzi mmoja anapewa mwalimu mmoja wa kujitolea, wanakutana palepale maktaba. Mimi ni mmoja wa hao wa kujitolea. Kitu cha kwanza tunachomuuliza mtu ni anataka kusoma nini katika maisha yake: barua ya shule ya mtoto, fomu ya kazi, maandiko. Somo linajengwa kutokea hapo.

Kwa hiyo mama, usiende mikono mitupu. Chukua katiba ya kikundi chenu. Soma ukurasa mmoja wa hadithi, halafu kifungu kimoja cha katiba. Na kama yupo mwalimu au mwanachuo hapo Mbeya anayesoma uzi huu, saa moja ya Jumatano yako inatosha kabisa. Mpango wa huku wenyewe umesimama juu ya saa za watu za namna hiyo.

Kijana wa Kabwe

Nimesoma yote. Mama, nafuta ushauri wangu wa kwanza. Nimemaliza chuo, bado natafuta kazi, Jumatano sina ratiba. Ukiridhia, tukutane ndani ya maktaba. Njoo na binti yako siku ya kwanza ili uwe na amani. Daftari la kikundi usilete, tutaandika mihtasari ya mfano yenye majina ya kubuni.

Mama Lusajo (baada ya wiki tano)

Ndaga fijo wote. Samahani nimechelewa kurudi, msimu wa viazi ulikuwa umebana.

Nilienda. Jumatano ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi mpaka kituo cha daladala, nikasimama pale muda mrefu, nikarudi tena. Dada wa mezani alinipa fomu. Nikamwambia naandika taratibu. Akasema, "Kaa, hakuna anayekukimbiza." Basi.

Nimesoma vitabu vinne vya watoto na kimoja cha 896.392, chembamba, cha tano ndicho ninacho nyumbani. Kijana wa Kabwe amekuja mara tatu, mwana wa watu, mvua ikinyesha. Ananisomea muhtasari naandika, kisha tunahesabu makosa. Mara ya kwanza yalikuwa 31. Juzi 12. Kituo cha MUKEJA bado, saa zao zinagongana na mzigo wangu.

Jumapili iliyopita niliandika muhtasari mbele ya wote, kurasa mbili kasoro. Akidi, mahudhurio, yatokanayo, mikopo mitatu iliyoombwa, kura. Mwenyekiti akausoma bila kukwama. Binti yangu alikuwa jikoni, hakuitwa.

Mwalimu wa Tukuyu, nina swali moja. Wale waliofika kikaoni, niandike "walio hudhuria" au "waliohudhuria"?

Mwalimu Mstaafu (Tukuyu)

Waliohudhuria. Neno moja.