Umeshinda kwa mwamuzi wa mkataba wa ujenzi, mshitiri (mwenye kazi) halipi: hela ya wakili inarudi? Tupeane uzoefu

QS wa Makorora: Wakandarasi wengi hapa Tanga wanadhani wakishinda kwa mwamuzi wa mkataba, yule wa kuamua migogoro kabla ya mahakama, hela ya wakili inarudi. Hairudi, wakuu. Mikataba midogo mingi inasema ada ya mwamuzi mnagawana nusu kwa nusu hata ushinde vipi, na kila mtu na wakili wake. Inayoweza kurudi ni ile ya mahakamani. Kwanza angalia kama siku 28 tangu uamuzi zimepita bila mtu kwenda kwa msuluhishi (arbitrator, ngazi inayofuata), maana hapo uamuzi unakuwa wa mwisho. Ukifungua madai mahakamani, omba gharama waziwazi. Hukumu ikikaa kimya, huna cha kumpelekea msajili wa mahakama anayekadiria gharama. Ikizitamka, una siku 60 tangu amri ile kufungua bili ya gharama. Zikipita, unaanza kuomba kuongezewa muda, na hilo ni shauri jingine kabisa.

Mzee Raskazone: Kweli tupu.

Chumbageni Boy: Beba risiti za EFD (mashine ya kodi) zote, hata ya ada ya wakili. Bila hiyo wanakata.

Wakili Ngamiani: Hapana kaka. Ada ya wakili inakadiriwa kwa viwango vya Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Mahakama ya Rufani ilishasema haidai risiti. Risiti ni za matumizi: ada za mahakama, nauli, nakala.

Chumbageni Boy: We wakili, lazima useme hivyo 😂

Duga Kwetu: Bishaneni risiti. Kuna mkandarasi alipeleka dalali wa mahakama akamate greda la halmashauri! Dereva kashushwa, minyororo tayari, mwanasheria wa halmashauri akatokea na karatasi. Greda likarudi kuchonga barabara.

Mzee Raskazone: Na dalali nani kamlipa?

Duga Kwetu: Mkandarasi, nani mwingine!

QS wa Makorora: Mali ya Serikali haikamatwi, na tangu 2020 halmashauri zimo humo: kabla ya kuishtaki unatoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi. Ukishinda, unaomba mahakama hati ya malipo, na gharama ziandikwe humo humo.

Chumbageni Boy: Basi pandisha bili, wakate wanavyotaka.

Wakili Ngamiani: Thubutu. Ukiacha ada za mahakama, ikikatwa zaidi ya moja ya sita, unakosa gharama za shauri la bili lenyewe. Bili ya milioni 12, mwisho wa kukatwa ni milioni 2. Hukuridhika na makadirio, una siku 21 kwenda kwa jaji.

Mzee Raskazone: Au mfuate mshitiri nyumbani wakati wa futari.