Mrejesho: ankara ya jino iliyozidi bei niliyotajiwa

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kliniki moja ya meno huku Sinza ilinitajia shilingi 150,000 za kutibu mzizi wa gego, kisha ikanidai 290,000. Niliomba mchanganuo kwa maandishi kama mlivyonishauri, na mhasibu akaeleza kwamba bei ya awali ilihusu kusafisha na kuziba mifereji ya mzizi pekee, ilhali picha za eksirei na kulijenga upya jino vilihesabiwa kando, na kofia ya kulifunika jino bado haijahesabiwa. Gego kwa kawaida lina mifereji mitatu au minne, hivyo kulilipia zaidi kuliko jino la mbele kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kunyamaza hadi ganzi imeshaingia. Wamenirudishia fedha za picha iliyoandikwa mara mbili. Kofia nitawekewa kwingine, walikonipa bei kamili kwa maandishi.