Hii "liable" kwenye fomu ya kukodisha vespa maana yake nini hasa?

kijana_wa_paje
Assalamu alaykum wana jukwaa. Mie nipo Paje, naangalia kiofisi cha kukodisha vespa kwa wageni. Fomu yetu ni ya Kizungu tupu, bosi kaichukua intaneti zamani hizo na hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma mpaka chini, mgeni anasaini anachukua ufunguo haoo. Sasa juzi mgeni kaanguka njia ya Jambiani, kulikuwa na ng'ombe kakata kamba kaingia barabarani, mgeni kamkwepa akaenda mchangani. Yeye alhamdulillahi goti tu limechubuka, lakini vespa kioo cha kulia kimeng'oka, indiketa ya mbele imepasuka na ubavu wote umechunika rangi. Namwambia alipe ananijibu yeye hana kosa, mwenye kosa ng'ombe. Nimefungua fomu imeandika mkodi atakuwa "liable for any damage". Ndugu yangu anayesomesha skuli ananambia hiyo ni kuwajibika, mwengine hapa kijiweni anasema ni mwenye hatia, kama ni hatia basi mgeni kweli hana. Na chini tena imeandikwa akichelewesha atakuwa "liable to" faini ya siku. Ndo ile ile au nyengine? Dipoziti yake ninayo na Jumamosi anaruka.

Mchambawima
Waalaykumu ssalaam. Ng'ombe mwenyewe kasaini fomu? 😂

binti_wete
Mchambawima acha mzaha mwenzio ana bosi.
Kaka, hatia itoe kabisa. Hatia ni mambo ya jinai, mtu kashitakiwa polisi, kapelekwa mbele ya hakimu, kathibitika ndo katiwa hatiani. Liable haikuulizi kama umefanya ubaya, inauliza likitokea la kutokea mzigo unamuangukia nani. Responsible unaweza kulitumia hata kwa mtoto aliyemwaga chai, au kwa mkuu wa kitengo kazini, ni neno pana. Liable ni la sheria, ukiliona kwenye karatasi ujue kuna pesa au adhabu nyuma yake. Kiswahili chake kizuri naona ni dhima. Hata zile kampuni zinazoandika Limited mwisho wa jina, sisi tunaziita kampuni yenye dhima ya ukomo, yaani ikifilisika mwenye hisa anapoteza kile alichotia tu, hawaji kumchukulia nyumba yake.

wakili_wa_mtaani
Binti Wete kasema sawa ila hapa pana jambo naona linapitwa. Bila ya ile fomu huyo mgeni angekuwa na hoja nzito tu. Sheria yetu ya mikataba imetokana na ile ya India ya 1872, na ukisoma vifungu 151 na 152 vya ile ya India vinasema aliyekabidhiwa mali ya mtu anatakiwa aitunze kama mtu wa kawaida mwenye busara angetunza chake, akifanya hivyo na mali ikaharibika basi hadaiwi, ISIPOKUWA wamekubaliana vyengine. Sasa hayo "vyengine" ndo fomu yenu. Neno any hapo ndo linalombana, uharibifu wowote, awe kakosa asiwe kakosa. Ingeandikwa kwa uzembe wake tu, mungekuwa hamna kitu na ng'ombe angewashinda.

Lakini na nyie musijione muko salama kwa kila kitu. Kama breki zilikuwa mbovu, dhima inageuka, inakuwa yenu kwake. Na mgeni akishalipa hajakatazwa kumfuata mwenye ng'ombe amdai, maana kufunga mnyama kwa kamba mbovu karibu na barabara ni uzembe. Dhima ya huyu haifuti dhima ya yule. Ni kama dereva wa daladala aliyeajiriwa, akigonga mtu akiwa kazini mwenye gari naye anadaiwa japo alikuwa kalala kwake.

Kuhusu "liable to", hiyo inakuja na adhabu, na watu wengi wanaikosea. Ukisoma kwenye sheria kuwa mtu ni liable to kifungo cha maisha, si kwamba lazima apewe maisha. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema katika Opoya dhidi ya Uganda, 1967, kuwa maneno hayo yanaweka ukomo wa juu, hakimu ana uhuru wa kutoa pungufu.

kijana_wa_paje
Ahsante sana shekhe, hiyo ya any sikuiona kabisa. Sasa hiyo faini ya kuchelewesha ina maana naweza kumsamehe nusu?

wakili_wa_mtaani
Unaweza kumsamehe hata yote, mali ya bosi wako hiyo muulize yeye 😅 Ila faini kwenye mkataba isiwe ya kukomoa, ukipelekwa mahakamani hakimu anatazama fidia inayoingia akilini.

binti_wete
Kuna na liable to nyengine isiyo ya sheria, yaani kitu kina tabia ya kupatwa na baya. Barabara ni liable to kujaa maji ikinyesha masika. Huitumii kwa jambo zuri, hawasemi fulani yuko liable to kushinda zawadi, Mzungu atakucheka.

Mchambawima
Sasa na mie nchangie la maana. Hiyo vespa ina bima kubwa au thadi pati tu? Kama ni kubwa ulizeni kwanza kabla hamjala dipoziti ya mtu, na bima watataka karatasi ya polisi. Kama ni thadi pati, hiyo hailipi kioo chenu.

kijana_wa_paje
Thadi pati. Nshaongea na bosi, tumempigia fundi: kioo na indiketa tunakata kwenye dipoziti kwa risiti, rangi ya ubavu tumeiacha kwa sababu upande ule ulikuwa na mkwaruzo wa zamani na picha za kabla hatukupiga. Mgeni kasoma fomu tena mwenyewe, kakunja uso, kakubali. Sasa binti Wete nisaidie kuiandika kwa Kiswahili, maana wanakuja na vijana wa kwetu kukodi.

binti_wete
Andika hivi: "Mkodi atalipa gharama za uharibifu wowote wa chombo tangu kukabidhiwa mpaka kukirejesha, hata kama si kosa lake, isipokuwa uharibifu uliotokana na ubovu wa chombo chenyewe." Na mupige picha pande zote nne kabla ya ufunguo kutoka.