Ukoo wa Kibokoni 🌴: kadi ya shangazi Rukia

Shangazi Rukia (Toronto): Asalam aleikum jamaa. Nshakata tikiti ya kuja harusini kwa Nadia, leo natafuta pete mkobani naikuta kadi ya PR, ile ya ukaazi wa kudumu, natazama tarehe imekwisha wiki iliyopita. Si nishafukuzwa Kanada mie

Ami Hamadi: Waaleikum salam. Kuna mtu hapa barazani asema kadi ikifa na ukaazi umekufa, waanza upya kama mgeni

Salim (Ottawa): Ami mwambie huyo anywe kahawa yake anyamaze 😂 kilichokwisha ni plastiki. Shangazi we bado mkaazi mpaka serikali ikuvue rasmi au uukane mwenyewe. Tabu ni ndege, ukiwa Mombasa na kadi iliyokwisha hawakupandishi, itabidi uombe hati ya safari kwanza na hapo ni kukaa kungoja

Shangazi Rukia: Basi niombe mpya haraka. Kuna bwana huku hujaza fomu, ataka dola mia nne

Salim: MIA NNE?? Ada ni dola 50 shangazi. Hizo 350 za nini, za kukushikia kalamu?

Nadia: 😂😂😂

Salim: Fomu si kazi, kazi ni siku. Ndani ya miaka mitano uwe umekaa Kanada siku 730, si lazima mfululizo. Nitumie tarehe zote ulizotoka na ulizorudi

Shangazi Rukia: Ya kwanza alipougua baba Farida, nikaja, akafa, nikakaa eda miezi minne na siku kumi ndo nikarudi. Ya pili ya mama. Ya tatu mwaijua. Zote ziko kwenye ile pasipoti ya zamani waliyoikata pembe

Shangazi Rukia: 📷

Salim: Muhuri huu umepakwa nini? Hii ni 11 au 17

Shangazi Rukia: Mafuta ya nazi mwanangu, chupa ilimwagika begini

Farida: Ni 17. Nilimsindikiza mama uwanja wa ndege wa Moi nikarudi nikakuta stima zimepotea, meseji ya kuwalalamikia wa stima bado ninayo na tarehe yake

Salim: Haya. Safari ya kwanza siku 338, ya nyanya Mungu amrehemu 612, ya tatu 41. Jumla 991. Miaka mitano ni siku 1826, kwa hivyo umekaa huku 835. Umepita kwa siku 105

Bi Mwana: Alhamdulillah!! Basi njoo ukae mpaka Ramadhani

Salim: La shangazi Mwana msimponze. Afisa wa uwanjani akitaka anahesabu upya miaka mitano nyuma kutoka siku ile anaporudi. Kila siku atakayolala Kibokoni inasukuma nje siku moja ya zamani aliyokuwa huku. Akikaa miezi mitatu anarudi na siku 15 za akiba, na nyinyi nawajua, hakukosi mgonjwa wa kumwambia ngoja kidogo

Shangazi Rukia: Na tikiti ni ya miezi mitatu 😩

Salim: Ibadilishe iwe mwezi. Na usitoke kabla kadi haijaja, maombi unayafanya ukiwa ndani ya Kanada na kadi hawaitumi nje

Nadia: Si kuna ya haraka? Aombe hio

Salim: Haraka ni ugonjwa, msiba, kazi. Harusi haimo

Nadia: Kwa hivyo mpaka nife ndo shangazi aje??

Bi Mwana: Astaghfirullah we mtoto, funga mdomo na hina hio mkononi

Shangazi Rukia: 📷 Picha nimepiga leo, yafaa?

Salim: Umecheka mpaka jino la dhahabu laonekana shangazi. Rudi, uso mkavu, milimita 50 kwa 70, na studio iandike nyuma jina lake na anwani na tarehe waliyokupiga. Halafu niskanie mbele NA nyuma, mwaka jana nilisahau nyuma ya picha za mama watoto fomu yote ikarudi

...

Shangazi Rukia: Nimerudi. Mpiga picha kaniambia niache kutabasamu mara sita

Shangazi Rukia: 📷

Farida: Yaani nyanya mtupu

Bi Mwana: Wallahi. Jicho lile lile la kumkagua muuza samaki

Shangazi Rukia: Mimi mwenyewe nimeitoa kwenye bahasha nikashtuka

Salim: Hii inafaa. Nyuma sasa

Shangazi Rukia: Ngoja nivae miwani