Mjadala: Wakati ni nishati mwendo tu, au ni kitu kingine?

Mwana wa Menengai:
Naweka hoja mezani, anayeweza aipangue. Hakuna aliyewahi kuupima wakati wenyewe. Kila saa tuliyo nayo inahesabu mwendo: kivuli kinasogea, timazi inabembea, kipande cha kwatzi ndani ya saa ya mkono kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ondoa mwendo wote, nishati mwendo iwe sufuri kila mahali, na neno "wakati" halina cha kutaja. Kwa hiyo nasema wakati ni jina tu tulilolipa nishati mwendo. Einstein mwenyewe alionyesha mwaka 1905 kwamba kitu kikienda kasi saa yake hubadilika. Wanaodhani wakati ni kitu cha pekee, kama madereva wa matatu za Kisumu wanaoamini "wanauokoa" kwa kukanyaga mafuta, watuambie ni kitu gani.

Nyar Dunga:
Ningeisoma hoja yako kwa moyo mweupe kama usingemalizia kwa kututukana. Kwa nini matatu za Kisumu? Zinazotupita kwenye kona pale Mau Summit ni za kwenu Nakuru. Na hesabu ni hii: Kisumu hadi Nakuru ni kilomita 180 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa unatumia saa mbili na robo. Kwa 100 unatumia saa moja na dakika 48. Dakika 27 zimeokolewa, na mgonjwa anayewahi kliniki anajua thamani yake. Wewe unayesema wakati hauokolewi, hizo 27 zimetoka wapi?

Mzee wa Gia:
Dada, dakika hizo zina bei, na bei yake ndiyo nishati mwendo ambayo mwenye mada ameitaja bila kuipigia hesabu. Nayo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Matatu ya watu 14 iliyojaa tuiweke tani tatu. Kwenye 80 inabeba kilojouli 740. Kwenye 100 inabeba 1,157. Kasi imepanda kwa robo, nishati imepanda kwa asilimia 56, na yote lazima breki iigeuze joto. Umbali wa kusimama nao unaongezeka kwa asilimia 56 hiyo hiyo, kabla hujahesabu muda wa dereva kushtuka na kuinua mguu. Kikomo cha 80 kwa magari ya abiria, kile cha enzi za waziri wa uchukuzi Michuki, kina msingi wake katika ule mraba.

Ikweta Maseno:
Swali la kwanza limerukwa, nalo lina kosa kubwa. Menengai, kama wakati ungekuwa nishati mwendo, ukiongeza nishati ungeongeza wakati. Maumbile yanafanya kinyume. Chembe za myuoni, ndogo kuliko atomi, zikitulia huishi wastani wa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 2.2. Katika jaribio la CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, lililochapishwa 1977 zilizungushwa kwenye pete karibu na kasi ya nuru, zikaishi mikrosekunde 64 kwa saa ya maabara. Yaani saa yao ilikwenda taratibu mara 29. Nishati nyingi, mapigo machache.

Tena saa bora kabisa hupatikana kwa kuondoa mwendo. Tangu 1967 sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomi ya sesiamu. Katika joto la chumba atomi hizo hukimbia zaidi ya mita 200 kwa sekunde, na mbio hizo zinavuruga mitetemo unayotaka kuihesabu. Ndiyo maana huzipoza kwa leza hadi sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sufuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, zibaki na kasi ya sentimita moja hivi kwa sekunde ndani ya kiwingu chao, kisha wakirushe juu taratibu kama mita moja. Kikipanda kinapita kwenye maikrowevu, kikishuka kinapita tena. Mwendo umepungua, saa imekuwa sahihi zaidi. Ungekuwa umesoma hata sura ya kwanza ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein, usingeandika ulivyoandika.

Mwana wa Menengai:
"Ungekuwa umesoma." Mwalimu, maneno hayo ndiyo yanayoziba midomo ya watoto darasani mpaka fizikia inakosa wanafunzi. Mtu analeta hoja, unamjibu kwa cheti. Haya, hata hapo sufuri unapopasifu mwendo haukomi. Heliamu haigandi kwa kanieneo (presha) la kawaida hata uipoze namna gani. Lazima uibane kwa kanieneo la hewa mara 25 hivi, kwa sababu atomi zake hazikubali kutulia. Hakuna mahali mwendo ulipo sufuri, na hakuna mahali wakati umesimama. Unaliona hilo au hulioni?

Ikweta Maseno:
Naliona. Na neno la cheti naliondoa, lilikuwa kali. Lakini myuoni bado hujazigusa.

Kijana wa Kibuye:
Si inasemekana sisi wa ikweta tunazeeka polepole kuliko watu wa ncha za dunia? Huku ardhi inatuzungusha kwa kilomita 1,670 kwa saa, kule mtu anajizungusha papo hapo tu. Nadhani Einstein aliandika hivyo.

Ikweta Maseno:
Aliandika hivyo 1905, kabla hajaingiza uvutano. Dunia imevimba kwenye ikweta: kutoka kitovu chake hadi usawa wa bahari huku ni kilomita 21 zaidi kuliko kwenye ncha. Mzunguko unaipunguza saa ya ikweta, uvimbe huo unairudishia kiasi kilekile. Kwenye usawa wa bahari saa zote za dunia zinakwenda pamoja. Kinachotenganisha ni mwinuko: kila mita 100 humpa aliye juu karibu nanosekunde moja, sehemu ya bilioni ya sekunde, kwa siku. Kisumu iko mita 1,131, Nakuru 1,850 hivi. Saa ya Nakuru inaiacha ya Kisumu kwa nanosekunde 6 hadi 7 kila siku.

Nyar Dunga:
Kumbe ni wa Nakuru wanaozeeka haraka. Nimeipokea hiyo kwa mikono miwili. Lakini dakika zangu 27 hakuna aliyezijibu.

Ikweta Maseno:
Nyar Dunga, dakika zako ni tofauti ya saa ya kufika, saa ya ukutani pale steji. Saa ya mkononi mwa abiria nayo inahesabu lake. Kwa mwendo wa 80, saa mbili na robo, inachelewa pikosekunde 22, yaani sehemu 22 za elfu za nanosekunde. Katika muda huo nuru inatembea milimita 6 na nusu. Huo ndio wakati "unaookolewa" na mwendo wenyewe.

Mpimaji wa Njoro:
Mwalimu, hapo umeteleza, na ni palepale Hafele na Keating, wale waliopima wakati kwa saa ndani ya ndege, walipopasimamia. Ardhi hapa ikweta inakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde. Gari la Nakuru nalo linaelekea mashariki, kwa hiyo kasi mbili zinajumlishwa kwanza, ndipo zipigwe mraba, na mraba huo unazaa kipande cha kati, kile cha kasi mbili zikizidishwa. Kwa safari hii kipande hicho ni nanosekunde 0.75, mara 34 ya pikosekunde zako. Na hakijali dereva amekwenda 80 au 100. Kinajali tu kilomita 145 hivi alizosogea upande wa mashariki. Akirudi Kisumu anakirudisha chote. Mwaka 1971 wale wawili waliizunguka dunia na saa nne za sesiamu kwenye ndege za abiria: kwenda mashariki zilipoteza nanosekunde 59, kwenda magharibi zilipata 273.

Tena gari linapanda. Hata ukichukua wastani wa mita 600 tu juu ya Kisumu, mwinuko unampa abiria nusu nanosekunde ya ziada. Safari ya kwenda na kurudi, kipande cha mashariki kikishajifuta, anateremka amezeeka zaidi kidogo kuliko aliyebaki Kondele, Kisumu.

Msidhani ni mchezo wa karatasi. Anayepima mashamba kwa setilaiti za jipiesi (GPS) anautegemea. Setilaiti inakwenda kilomita 3.9 kwa sekunde, kwa hilo saa yake inapoteza mikrosekunde 7 kwa siku. Lakini iko kilomita 20,200 juu, kwa hilo inapata 45. Tofauti ni 38, na nuru katika mikrosekunde 38 inatembea kilomita 11. Ndiyo maana saa hizo hurekebishwa mapema kabla ya kurushwa, zipige polepole kidogo. Usipofanya hivyo, kosa linarundikana siku hadi siku, na kigingi cha mpaka kinakwenda kusimama kwa jirani wa mbali.

Mwana wa Menengai:
Mnanisaidia bila kujua. Kasi imo, mraba umo, nusu imo. Hiyo si nishati mwendo?

Ikweta Maseno:
Ni uwiano wake, na hapa ndipo hoja yako ina mbegu ya kweli. Gawanya nishati mwendo ya kitu kwa nishati ya tungamo lake lililotulia, ile tungamo mara mraba wa kasi ya nuru. Jibu ndilo sehemu ambayo saa yako inaizidi saa ya mwenda mbio: yake ikipiga sekunde moja, yako inapiga moja na hiyo sehemu. Kwa myuoni za CERN jibu ni 28 na kitu. Ongeza moja unapata 29. Sasa jiulize: nishati mwendo kwa kipimo cha nani? Abiria kwa kipimo cha kiti chake ana sufuri, na saa yake bado inapiga. Zaidi ya hapo mwanahisabati Emmy Noether alionyesha, katika andiko la 1918, kwamba nishati inahifadhika kwa sababu kanuni za maumbile hazibadiliki kutoka jana hadi leo. Nishati ndiyo inayouegemea wakati. Wewe umegeuza nyumba paa chini.

Mwana wa Menengai:
Na mlinganyo wa Wheeler na DeWitt wa 1967, wa ulimwengu mzima, ambamo wakati haumo kabisa? Huo nao nimeugeuza mimi?

Kijana wa Kibuye:
Kama nishati ya mwendo ina gharama hivyo, ya mteremko ni ya bure. Ndiyo maana malori hutoa gia pale Salgaa, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru, yaokoe mafuta.

Mzee wa Gia:
Kijana, futa neno "bure" kabla mtu hajalisoma akaliamini. Lori la tani 40 likishuka mita 100 za wima linafungua megajouli 39. Hizo zinachemsha maji zaidi ya lita 120, na huko juu yanachemka kwenye digrii 93 hivi. Bila breki na bila upepo, chini kabisa kasi ingekuwa karibu 160 kwa saa. Ukiwa ndani ya gia, injini inakaba na kumeza sehemu kubwa ya nishati hiyo. Ukitoa gia, yote inahamia kwenye ngoma za breki. Ngoma ikipata moto inatanuka na kujitenga na vile vipande vinavyoibana, navyo vikiungua vinateleza. Dereva anakanyaga na kukanyaga, kila mara anamwaga upepo wa tangi unaosukuma breki, na injini inayonguruma taratibu bila gia haiwahi kuujaza. Akishtuka atake kurudisha gia, magurudumu yanazunguka kasi mno na haiingii. Hapo hana kitu.

Na hayo mafuta hayaokolewi. Injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia na mguu umetoka, pampu inakata mafuta. Ukitoa gia, lazima imwagiwe ili isizime.

Nyar Dunga:
Sawa, mzee. Gia gani basi, na unaiweka wapi?

Mzee wa Gia:
Ile ambayo ungepandia mlima huo huo, au ya chini zaidi kama gari ni la kisasa. Unaiweka juu, kabla ya pua ya gari kuinama. Kisha breki unaikanyaga kwa nguvu mara moja, kasi ishuke kilomita 10 hivi, unaiachia ipoe, unarudia. Usiipapase njia nzima.

Kijana wa Kibuye:
Na gari la otomatiki?

Mzee wa Gia:
Vilevile. Toa D, weka 2 au L ukiwa bado juu. Likikimbia hata hivyo, ulichelewa kuiweka.