Naomba ushauri: kaka kaanguka mkarafuuni, tuuze shamba akachomwe sindano ya seli shina?

Asalaam aleykum wenzangu. Sie tuko Wete, kaka yangu alianguka mkarafuuni akaumia uti wa mgongo, miguu haina nguvu, saivi anafanya mazoezi na kidole gumba cha kulia kimeanza kucheza alhamdulillah. Sasa kuna wakala anatwambia tumpeleke nje akachomwe seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, eti zitajitafutia njia zenyewe, na mzee keshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba.

Mie nafundisha baiolojia na hapo ndo nnapokwama. Nijuavyo, mtoto akiwa tumboni seli shina za uti zinafuata zamu na mahala, ishara ya protini iitwayo Sonic hedgehog inatoka upande wa mbele wa uti, zilopo karibu nayo zinatoa neva za misuli, halafu palepale zinageuka kutoa seli za kufunika nyuzi za neva. Hata inzi mdogo wa matunda, kila nusu ya pingili ana seli shina kama 30, na seli moja inazaa neva kwa mpango, ya mwanzo inawashwa na jeni iitwayo Hunchback, zifuatazo na jeni ya Krüppel, na zamu ndo inayoamua neva ishike msuli gani na isikilize nani. Sasa kwa mtu mzima zamu ile ishapita zamani, seli ilomwagwa tu pale itamjuaje mwenziwe?

Alofanyiwa au anaefanya kazi hospitali anambie ukweli, tumuulize nini huyu wakala kabla mzee hajatia saini? Au pesa tuweke kwenye mazoezi?