Fundi amenijazia gesi mara tatu, uvujaji hajautafuta hata siku moja!

Wadau wa Kisumu, nina hasira na sitaificha. Tangu Januari nimelipa shilingi 13,500 kujaziwa gesi kiyoyozi kilekile, na fundi yuleyule. Mara tatu! Akiondoka tunapata ubaridi wiki mbili au tatu, kisha kinarudi kupuliza hewa vuguvugu na lile bomba jembamba la nje linashika barafu. Chumba hicho analala mama mkwe wangu mwenye presha, na joto la Februari hapa mnalijua.

Kila nikimuuliza gesi imekwenda wapi, jibu ni moja: "Mama, gesi huisha kama petroli." Uongo mtupu! Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kompresa inaisukuma, inarudi, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inatokea.

Jumamosi nilichoka. Nikazima mtambo (ukizimwa, presha ya bomba nene hupanda na povu huonekana vizuri), nikakoroga sabuni ya vyombo na maji, nikapaka kwa sponji kwenye nati za mashine ya nje. Nati ya bomba nene ikatoa mapovu papo hapo. Chini yake kuna doa la mafuta lililoshika vumbi, la siku nyingi. Dakika kumi tu, na mimi si fundi! Yeye amepiga magoti mbele ya nati hiyo mara tatu akiunganisha mpira wake wa gesi.

Hajawahi kuja na mtungi wa naitrojeni wa kupimia presha, wala pampu ya kunyonya hewa, wala mizani. Kibandiko cha mashine kimeandikwa R410A, gramu 850. Yeye hupima kwa kushika bomba na kiganja! R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, huingizwa ikiwa majimaji, kwa uzito.

Nimempigia nikidai pesa zangu, akaniambia nikaze nati mwenyewe. Siigusi. Nati ikikazwa kupita kiasi hupasua mdomo wa bomba la shaba, na nashuku ndivyo alivyofanya tangu mwanzo.

Natafuta fundi, hata akitoka Ahero au Maseno, atakayekata mdomo wa bomba na kuutanua upya, apime kwa naitrojeni, anyonye hewa, ndipo aweke mtungi wa gesi kwenye mizani mbele yangu. Kama kuna uliyemshuhudia akifanya hivyo kwako, niandikie hapa leo. Wa "kuongeza kidogo" asinijie tena.